Chuma cha Nusu Kilo

Habari ya kifo cha Kalisto ilinifikia Kabambare siku ya nane, ikiletwa na dereva wa pikipiki pamoja na gunia la mchele na bahasha za ofisi. Alikuwa akifungua kamba za mzigo, mgongo kwangu. "Papa Donati," akasema, "yule rafiki yako wa Kasongo, mwenye mizani, wameshamuzika." Alisema "mwenye mizani" kwa sababu ndivyo watu wa njia ile walivyomjua: mtu wa mguu mmoja mwembamba aliyekaa mlangoni pake akiuza chumvi, sabuni na ndagala, wale dagaa wakavu, na mizani ya sahani mbili imening'inia mbele yake. Mvua zilikuwa zimekata madaraja mawili. Nilipofika Kasongo matanga yalikuwa yameondolewa, mabenchi ya majirani yamerudi kwa wenyewe, na binti yake Riziki amekwisha kufungua biashara. Watu walikuwa wakinunua chumvi kama kawaida. Nilisimama nyuma yao na kungoja zamu yangu ya kutoa pole.

Kwa miaka yote niliyopita mlango ule, Kalisto alikuwa na desturi moja ambayo niliichukua kuwa mzaha wa wazee. Kila nilipoomba nusu kilo ya ndagala za kupeleka Kabambare, hakuweka jiwe la mizani moja kwa moja. Alinyoosha kwanza mkono wake, na ndani ya kiganja palikuwa na kipande cha chuma bapa, cheusi, chenye matundu mawili. "Shika, Dona," alisema. "Sikia uzito yake." Nilishika. "Iko muzito," nilijibu, kwa kuwa ndilo jibu lililonijia. "Ee," alisema, "iko muzito." Kisha alikichukua, akakiweka kwenye sahani polepole, akanipimia samaki, akaniongezea wachache juu. Tulicheka. Nilipanda pikipiki. Sikumbuki hata mara moja niliyojiuliza kwa nini hakuwapa wanunuzi wengine kile chuma wakishike.

Kazi yangu ni kuandika ripoti. Nimeandika ripoti za madaraja, za mashamba yaliyoliwa na nguruwe-mwitu, za ugomvi wa mipaka huko Wamaza, na wakubwa wangu husema naziandika vizuri kwa sababu siweki ndani jambo ambalo sikuliona au sikulisikia. Ipo moja ambayo sikuiandika. Ni ya mwaka ule tulipokuwa na miaka ishirini na miwili, mimi na Kalisto, na tukaamua kuunda kompyuta, ordinateri kama tulivyoiita.

Ninaposema tuliamua, ninajipa sehemu kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Aliyeamua ni Kalisto. Alikuwa akifagia ofisi ya parokia, na padri mtunza mali, mtu asiye na subira na mashine, alikuwa amemwachia azifungue zikigoma. Kwa njia hiyo Kalisto alijifunza. Kompyuta ya parokia ilipokufa kabisa alipewa ganda lake la bati, na akaliweka chumbani kwake juu ya meza iliyokuwa zamani mlango. Chumba kile ninakiona hata sasa: sakafu ya udongo iliyopigwa maji asubuhi, dirisha lenye nondo moja, harufu ya mafuta ya mawese kutoka ghala la mama yake upande wa pili wa kiambaza cha matete, na lile ganda tupu katikati kama kabati la mtu aliyehama. Skrini tungeazimwa na shule. Palipungua vya ndani: ubao mkuu, ambao sisi tuliuita kartimeri, prosesa yake, bareti za kumbukumbu, diski, na alimantasio, yaani kile kisanduku cha bati kinachopokea umeme wa nje na kuugawia vingine vyote.

Haukuwa mchezo. Nililijua hilo kwa sababu nililisikia. Alasiri moja nilikuwa nimekaa na Kalisto tukipangusa ganda, na ng'ambo ya kiambaza prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, alikuwa amekuja kununua mafuta kwa Mama Veronika, mama yake Kalisto. "Mama," prefe alisema, "kila mwaka ninatuma liste za wanafunzi wa egzameni Kindu, wanapiga ku mashini, zinarudi na majina ya uongo. Mutoto yako akiwasha ile kitu yake mbele ya liste kutoka, chumba ya pembeni ni yake, na kazi ni yake." Nilisikia mafuta yakimiminwa. "Prefe," Mama Veronika alisema hatimaye, "mutoto wangu hawezi kulima, na miguu ya pikipiki hana. Usiseme neno ambalo hutashika." Prefe akasema, "Nimesema." Kalisto, upande wetu, alikuwa ameacha kupangusa. Alichukua daftari la hesabu lenye miraba na kuanza kuandika orodha.

Vifaa kama hivyo vilipatikana Salamabila, kwa sababu palipo na dhahabu kila kitu hufika, hata kisichotafutwa. Wafanyabiashara walivileta kutoka ziwani na milimani, vimechakaa, vimefungwa ndani ya nguo za mitumba. Kalisto hangeweza kwenda. Njia ile, abiria hushuka kwenye kila gogo la daraja na kusukuma pikipiki matopeni. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa Salamabila msimu mmoja nikiosha mchanga wa dhahabu. Kwa hiyo ilikuwa mimi.

Orodha ile ilimchukua siku nne. Alijua sijui majina ya vitu, basi alivichora. Kwa bareti alichora kijiti chenye pengo, na akaandika: pengo lisiwe katikati, liwe kidogo upande huu. Kwa kartimeri alikata uzi, akaupima kutoka tundu hadi tundu ndani ya ganda, akafunga vifundo, na kuniambia nisinunue ubao ambao matundu yake hayaangukii kwenye vifundo. Prosesa alisema nichukue ile dhaifu. "Majina ya wanafunzi hayana mbio," alisema. Diski vilevile, ndogo, lakini niiweke sikioni ikizunguka na nikisikia inakohoa niirudishe. Kila mahali alipunguza. Mama Veronika aliingia na bugari, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya kisamvu, akatukuta tumeinamia karatasi. "Ile kitu munajenga itakula nini?" aliuliza. "Umeme tu, mama," Kalisto akajibu. "Basi iko afazali kuliko nyinyi. Haitaki sombe yangu." Tulikula kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia karatasi isipeperuke.

Jina la mwisho katika orodha lilikuwa alimantasio, na alilipigia mistari mitatu chini. "Hapa usifanye ekonomi," aliniambia. "Twaa ya zamani, ya ordinateri ya biro, ata ikikuwa na vumbi. Usitwae mupya ya mu karto. Na ata hiyo ya zamani, uifungue. Iko na visi ine. Angalia ndani, uone waya ya shaba imezungushwa nene kama kidole yangu hii." Alinionyesha kidole kidogo. Kisha akanipa bisibisi yake ya kufungulia visi, yaani skrubu, ile moja aliyokuwa nayo, yenye mpini wa mti aliouchonga mwenyewe baada ya ule wa plastiki kupasuka. Aliifunga katika kitambaa kama mtu anayefunga dawa.

Salamabila niliyoikuta ilikuwa ileile niliyoiacha: vibanda vya turubai, muziki wa kila upande, wachimbaji wenye magoti meupe ya udongo, na kila meza mizani midogo kama ya mtoto. Mwenye vifaa aliitwa Papa Uvira, kwa kuwa alitoka huko, na aliponisikia nikisema alicheka. "Ee, Kasongo! Mutu ya muchele! Leo munataka kupika muchele ndani ya ordinateri?" Wanunuzi wa dhahabu waliokaa kwake walicheka pia. Nilitoa karatasi yangu na uzi wangu wenye vifundo, nao wakacheka zaidi. Lakini nilinunua vizuri. Ninalisema hilo kwa haki. Kartimeri iliangukia vifundo. Bareti zilikuwa na pengo mahali pake. Diski niliiweka sikioni katikati ya kelele yote ile na haikukohoa.

Ilipofika zamu ya alimantasio, Papa Uvira alileta mbili. Moja ilikuwa ya zamani, imejaa vumbi, na aliiuza ghali kidogo. Nyingine ilikuwa mpya, ndani ya karatoni, inang'aa, na rahisi. Nilikuwa na pesa za kutosha kwa ile ya zamani. Nilitoa bisibisi. "Aa, hapana," alisema, "ya zamani fungua utakavyo. Hii mupya iko na kibandiko. Ukipasua kibandiko, garanti imekufa. Lakini we, si ulikuwa unaosha zahabu hapa? Sasa unataka macho ya nini? Weka hii mu mukono wa kuume, na ile mu mukono wa kushoto. Ni gani iko na kitu ndani?"

Niliweka. Ile mpya ilikuwa nzito mara mbili. Mtu ambaye hajafanya kazi ya dhahabu hataelewa nguvu ya jambo hilo. Kwa msimu mzima nilikuwa nimefundishwa kwamba jicho hudanganywa na mkono haudanganywi. Shaba iliyosagwa hung'aa kama dhahabu, watu wameua na kuuawa kwa ajili yake, lakini ukiiweka kiganjani ni nyepesi, na mchimbaji mzee huijua akiwa amefumba macho. Kizito ni cha kweli. Wale wanunuzi walitikisa vichwa, maana nao waliishi kwa kanuni hiyo. Na zaidi ya hayo lipo jambo ambalo nililijua palepale na nimekuwa nikiligeuza sura tangu hapo: katika karatasi ile yote hapakuwa na kitu nilichokijua mimi. Pengo, vifundo, kikohozi cha diski, vyote vilikuwa akili ya Kalisto ikitembea kwa miguu yangu. Uzito niliujua mwenyewe. Nilitaka kurudi na jambo moja nililoliamua mimi. Nilichukua ile nzito, na bisibisi ikarudi kitambaani bila kugusa kisi hata kimoja.

Kalisto alinipokea kama mtu anayepokea wageni wengi kwa pamoja. Alivitandaza vitu juu ya kanga ya mama yake, na kabla ya kugusa kila kimoja alishika kwanza nondo ya dirisha, ili umeme wa mwilini, alisema, uondoke kwake. Kwa kila kifaa aliguna kwa kuridhika. Alipofika kwenye alimantasio aliigeuza pande zote. "Ni mupya," alisema. Nikamwambia kwamba za zamani zilikuwa zimekwisha. "Uliifungua?" "Niliifungua." "Waya ya shaba iko nene?" "Iko nene." "Kama kidole yangu?" "Kama kidole yako." Alifumba macho kidogo, kama mtu anayeambiwa kwamba ndugu yake wa mbali hajambo. Kisha kidole chenyewe kikapita juu ya kibandiko. "Na hii iko nzima." Nilikuwa na jibu tayari, nililitengeneza njiani, pale Wamaza tulipokuwa tukingoja mvua ipite. "Papa Uvira aliweka ingine." Alinitazama. Hakuwa akinichunguza, alikuwa akinitegemea. Niliona tofauti hiyo vizuri sana. "Kama we uliiona," alisema, "mimi sina haja ya kuiona." Akaifunga ndani ya ganda.

Siku ya kuijaribu ilikuwa mchana, katika kile chumba cha pembeni cha shule, na grupe la shule, yaani jenereta, likinguruma nje. Walikuja prefe, walimu, na Mama Veronika aliyevaa kitenge chake cha kanisani. Kalisto alibonyeza. Feni ikazunguka, skrini ikaandika herufi nyeupe, na watu wakapiga makofi kama kwenye ubatizo. Alianza na jina la shule. Kisha prefe akamsomea majina ya wanafunzi, moja moja, naye akayapiga kwa vidole viwili, akiuliza kila herufi aliyoitilia shaka. "Mwamba, ni na w ao na u?" Prefe alikuwa akitabasamu. Hayo yalidumu muda wa kupika bugari. Halafu ikaja harufu, kwanza kama plastiki kwenye jua, halafu mlio mmoja mfupi, na moshi ukatoka nyuma ya ganda. Mtu alikimbia kuzima grupe. Mwalimu mmoja akasema, "Aba! Ordinateri ya Kalisto inapika!" na wote wakacheka, na Kalisto akacheka pamoja nao, mikono yake bado iko juu ya herufi. Kartimeri ilikuwa imekufa, na diski pia, na majina yale ndani yake. Prefe alisema pole. Alikuwa mtu mwema, alisema pole mara mbili, kisha akangoja sote tutoke na akafunga kufuli. Mwezi huo liste zilikwenda Kindu.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, nilikwenda kwao. Nilikuwa nimekusudia kusema. Ninaandika hilo nikijua kwamba kusudi halina shahidi. Nilipita upande wa ghala, na kwa kuwa matete hayazuii neno nilimsikia Mama Veronika. "Donati alinunua kitu mubaya," alisema. Haikuwa swali. Nikasimama. Ndani kulikuwa na mlio wa kijiko kwenye sufuria. "Hapana, mama," alijibu Kalisto. "Donati alinunua vizuri. Ni mukono yangu. Kuna waya nilikosea." "Una hakika?" "Nina hakika, mama. Usimuseme Donati." Kuta zote za nyumba ile nilizijua, na mlango ulikuwa hatua sita kutoka niliposimama. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Niligeuka nikarudi nyumbani.

Asubuhi yake alikuja yeye, na fimbo yake, njia nzima kutoka kwao. Alikataa kukaa. "Dona," alisema, "nisamehe. Nimeharibu safari yako. Ulipita mu matope yote ile juu yangu, na mimi nimechoma kila kitu." Ndugu msomaji, nimeandika ripoti za watu waliokosana kwa ajili ya mbuzi, kwa ajili ya mti mmoja wa mchikichi, na nimeuliza kila upande maneno uliyosema, neno kwa neno. Nitaandika na langu. Nilisema, "Si neno, ndugu yangu. Nimekusamehe."

Baada ya hapo nilipata kazi ya ukarani Kabambare na nikaondoka. Chumba cha pembeni alipewa kijana kutoka Kindu. Kalisto hakufungua tena mashine ya mtu yeyote. Walimletea redio, walimletea simu, na padri alimwita kwa kompyuta mpya. Alikataa kwa upole, akionyesha mikono yake. "Hii mikono inachoma," alisema, na watu walidhani ni mzaha. Mama yake alipozeeka, Kalisto alihamia mlangoni na mizani. Alioa, akamzaa Riziki. Kila mwaka nilipita. Kila mwaka nilishika chuma.

Sasa zamu yangu ilifika. Riziki ana uso wa bibi yake na sauti ya baba yake. Alinipa kiti, akaniletea chai na vitumbua vya mchele, akanieleza ugonjwa ulivyokwenda, kwa mpangilio, siku kwa siku, bila kulia. Wanunuzi walipopungua alianza kuyaweka mawe ya mizani mahali pake, na mahali penyewe palikuwa kisanduku cha bati chini ya meza. Kilikuwa cha kijivu, upande mmoja kina tundu kubwa la duara mahali pa feni. Kibandiko kilikuwa bado juu ya kisi kimoja, kimepasuliwa katikati kwa uangalifu. "Hii kisanduku," nilisema. "Ni ya Papa," alisema. "Na ile chuma ya matundu ilitoka ndani yake. Alisema watu waliiweka mule juu ya kudanganya mukono. Akaichonga na tupa mpaka ikakuwa nusu kilo kamili. Alikuwa anasema hii haidanganyi tena."

Nilimwomba anipe vyote viwili, naye akayatoa mawe mengine. Ndani ya kisanduku hapakuwa na kitu ila alama za kutu na, katika sakafu yake, matundu mawili. Nilikiweka chuma juu yake. Yaliangukiana. Waya wa shaba, kama uliwahi kuwepo, ulikuwa umeacha katika bati kijishimo kimoja tu cha kuungua, kidogo kama punje ya mchele. Nilijaribu kujua aliifungua siku gani. Inawezekana ilikuwa miaka baadaye, alipohitaji jiwe la mizani. Inawezekana ilikuwa jioni ileile, kabla ya sombe, kabla mama yake hajasema neno, na bisibisi ilikuwa bado gotini pake alipojibu kwamba ni mkono wake. Hakuna wa kumwuliza. Ninachojua ni kwamba alinipa kitu kile mkononi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara alingoja kidogo kabla ya kukichukua.

"Sikuifungua," nilimwambia Riziki.

"Hukufungua nini, papa?"

Nilikuwa nikitafuta pa kuanzia. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni na bakuli, akitaka nusu kilo ya chumvi, na Riziki akaniangalia mkono, kwa heshima, akingoja. Nilikuwa bado nimekishika. Akanyoosha kiganja chake, nami nikampa.

"Iko muzito, e?" alisema, na akakiweka kwenye sahani.